Kusafisha mashine ya espreso nyumbani: mafuta kivyake, chokaa kivyake

Mjomba wangu analima kahawa Mbozi, kila akipata nafasi ananiletea buni na mimi nakaanga mwenyewe hapa Forest, Mbeya mjini. Mwaka jana Julai alikuja, baridi ile ya Mbeya mnaijua, nikaona huyu mzee leo nimfurahishe, nikamtengenezea espreso kwa mashine yangu aone kahawa yake imefika wapi. Akapiga funda moja. Akanyamaza. Akakiweka kikombe mezani taratibu akaniuliza, "Mjomba," maana na yeye ananiita hivyohivyo, "hapa huwa mnakaangia maandazi?"

Sasa mimi wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa napita nawaambia watu kahawa ya msimu ule imekaa vibaya, eti mvua, eti ukaushaji. Mzee akainuka, akapitisha kidole chini ya kichwa cha mashine, pale mkono wa kahawa (ule wenye mpini unaobeba chujio la kahawa) unapofungwa, akanionyesha. Kidole cheusi tii, kinanata kama kimegusa cheni ya baiskeli. Kumbe kahawa yake haina kosa lolote, ni mimi nilikuwa naipitisha kwenye uchafu wa miezi minane kila asubuhi afu nalalamika.

Toka siku ile nimekuwa msafi kidogo, mengine nimejifunza kwa kusoma, mengine kwa kuharibu. Naandika ninavyofanya hapa kwangu, mwenye mashine yake aangalie panapomhusu.

Kitu cha kwanza kuelewa

Mashine ya espreso inachafuka kwa vitu viwili tofauti kabisa na watu wengi wanavichanganya. Kuna mafuta ya kahawa, haya yanakaa upande ambao kahawa inagusa: chujio, mkono, kichwa, na mabomba ya kutolea presha. Yakikaa yanachacha, ndo ile harufu ya maandazi ya mzee. Halafu kuna chokaa, ule ukoko mweupe kama wa kwenye birika la umeme, huu unakaa upande wa maji na moto: boila, vibomba vya ndani, bomba la stimu (ule mvuke wa kuchemshia maziwa). Chokaa haibadilishi ladha sana mwanzoni, yenyewe inaua mashine kimyakimya, inaziba njia na inafunika hita mpaka maji hayapati moto vizuri.

Mafuta yanatolewa na dawa ya aina ya magadi (alikali), chokaa inatolewa na asidi. Havibadilishani. Ukipitisha asidi kwenye mafuta hautoi kitu, na ukipitisha dawa ya mafuta kwenye chokaa ndo umepoteza muda kabisa. Jirani yangu alinunua dawa ya kutoa chokaa ya bei mbaya, akaipitisha mara tatu, kahawa ikabaki chungu vilevile, akasema dawa feki. Dawa haikuwa feki, ugonjwa ulikuwa mwingine.

Ijue mashine yako

Kabla hujafanya chochote jua kama mashine yako ina ile valvu ya kutoa presha, mafundi wanaiita solenoidi ya njia tatu. Kuijua ni rahisi. Tengeneza kahawa kawaida, ukizima tu sikiliza: ikipiga "pshhh" na maji machafu yakamwagika kwenye trei ya chini kwa ghafla, unayo. Ukifungua mkono utakuta machicha yamekauka, yanadondoka kama keki. Isipopiga hiyo sauti, na ukifungua unakuta machicha ni uji uji, huna. Mashine nyingi ndogo za bei nafuu hazina, na hiyo sio aibu ila ina maana mbili: usisukume maji kinyume (nitaeleza mbele), na usikimbilie kufungua mkono ukishazima maana presha bado imo, subiri dakika moja au hata mbili, la sivyo machicha ya moto yatakurukia kwenye shati. Yamenirukia. Shati ilikuwa nyeupe, ya harusi.

La pili, jua boila ni ya chuma gani. Kuna za aluminiamu, kuna za shaba nyeupe na shaba nyekundu, kuna za stili isiyopata kutu, na kuna mashine hazina boila, zina bloku ndogo ya kupashia maji yanapopita. Inaandikwa kwenye kijitabu chake, kama ni mtumba na haikuja na kijitabu tafuta jina la modeli mtandaoni. Aluminiamu ndo inataka uangalizi zaidi, haipendi asidi ikae ndani muda mrefu na haipendi dawa ya mafuta pia.

Kwa wale wa mitumba, angalia na kibandiko cha umeme nyuma. Sisi tunatumia volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotoka Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka moja kwa moja hautahitaji huu mwongozo tena.

Kila siku, dakika mbili tu

Ukishatoa kahawa, gonga machicha palepale yakiwa ya moto (asiye na valvu asubiri kwanza presha ishuke). Usiache mkono umefungwa na machicha ndani mpaka jioni, hapo unapika mafuta yashike vizuri, na gasketi, ule mpira wa duara kichwani, nayo inabanwa na kuungua bure. Suuza chujio kwa maji ya moto, futa kwa kitambaa. Rudisha mkono mtupu bila kuukaza, yaani uweke tu ukae, washa pampu sekunde tatu nne, maji yashuke yasafishe juu. Mimi huwa naukaza nusu naulegeza, naukaza nusu naulegeza, huku maji yanatoka, yale maji yanapita pembeni yanaondoa chembe kwenye gasketi. Weka kikombe chini na vidole mbali, maji ni ya moto.

Na hapa watu wa nyanda za juu nisikilizeni. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100 kama Dar. Espreso inataka maji ya nyuzi 90 mpaka 96. Ndani ya mashine maji yamebanwa na presha kwa hiyo hayachemki, ila yakitoka tu kwenye hewa bila mkono kufungwa yanafoka na kurusha mvuke, utafikiri mashine inataka kulipuka. Haijaharibika. Mimi nilishaibeba mpaka kwa fundi kwa ajili ya hiyo kitu, akaniangalia tu. Kaa mbali na mafoko, mwache atulie, maji yakianza kushuka kimya ndo moto umekaa sawa.

Bomba la stimu ndo la kukaa nalo macho zaidi kwa siku. Maziwa yakishakauka pale yanakuwa kama gundi ya seremala. Utaratibu: kabla ya kuchemshia fungua stimu sekunde mbili itoe maji yaliyolala ndani, chemshia maziwa, toa jagi, futa bomba PALEPALE kwa kitambaa kibichi (kiwe na kazi hiyo moja, sio kile cha kufutia meza), halafu fungua stimu tena sekunde mbili tatu. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka na ndo muhimu zaidi, kwa sababu ukifunga stimu, ndani panapoa na kuvuta, maziwa kidogo yanapandishwa mle ndani ya bomba. Usipoyafukuza yanaozea humo.

Tunaotumia maziwa ya ng'ombe ya jirani, yale mazito, hasa yanayoshuka kutoka Rungwe, tuna kazi mara mbili maana yana mafuta mengi na yanashika haraka. Na tafadhali usidhani stimu inayachemsha. Ya kapuchino unayaacha kwenye nyuzi 60 na kitu, hiyo haitoshi kuua wadudu wa maziwa mabichi. Chemsha kwanza jikoni kama kawaida, yapoe, weka friji, ndo uyapeleke kwenye stimu yakiwa ya baridi. Toa utando juu kabla, ule utando ndo unaoziba matundu.

Tundu la stimu likiziba, zima mashine, ipoe, chovya ncha ya bomba kwenye kikombe cha maji ya moto dakika kumi na tano, kisha zibua kwa pini taratibu. Ncha nyingine zinafunguka kwa spana ndogo, hiyo ni rahisi zaidi. Usitumie stili waya ya kusugulia sufuria, inakwangua ule mng'ao wa bomba na baada ya hapo maziwa yanashika kuliko mwanzo.

Jumapili

Mara moja kwa wiki, mi nafanya Jumapili nikitoka kanisani, toa tangi la maji uoshe kwa sabuni ya vyombo na dodoki laini, suuza mpaka harufu iishe. Ukipitisha kidole ndani ukaona panateleza, ule ni ute wa wadudu, usiogope, osha tu, ila lihamishe mahali pake, maana tangi likikaa dirishani kwenye jua linaota ukijani. Trei ya chini ioshe pia, na usiitoe bila kuangalia, ikijaa inamwagikia kwenye umeme.

Halafu chujio na mkono. Chujio kwa kawaida linachomoka kwenye mkono kwa kulisukuma na mpini wa kijiko, lina springi ndogo inalishika. Ukilitoa geuza uangalie upande wa nyuma. Nenda kaangalie saa hizi kabla hujaendelea kusoma. Ndo hapo. Watu wanaosha ndani kila siku panang'aa, nyuma na ndani ya mkono pana rangi ya lami.

Kama unayo dawa ya unga ya mashine za kahawa (mimi natumia Cafiza, wengine Puly Caff, zote zinaagizwa Dar zinakuja na basi), weka kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji ya moto, tumbukiza chujio na sehemu ya chuma ya mkono. Mpini wenyewe wa plastiki au mbao ubaki nje, unapauka. Nusu saa inatosha. Maji yatakuwa rangi ya Coca-Cola, usiku ule wa kwanza mke wangu alidhani nimeloweka soksi. Suuza sana, sugua kwa mswaki wa zamani. Ila mkono ukiwa wa aluminiamu usiloweke kwenye hii dawa, unageuka mweusi mweusi, huo osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo inatosha, utasugua zaidi tu.

Mtu ataniuliza hii dawa si ni sodiamu pakaboneti, na zile dawa za kutoa madoa kwenye nguo nazo si zinayo. Kweli nyingi zinayo, ila zimechanganywa na marashi na vitu vya kung'arisha nguo, sasa wewe unataka kahawa yenye harufu ya shuka? Na sabuni ya vyombo usiipitishe ndani ya mashine hata tone, ni ya kuoshea vinavyotoka nje tu. Povu likishaingia kwenye mabomba utasuuza wiki nzima.

Mwisho kichwa cha mashine. Ukiinama ukaangalia juu utaona bati duara lenye matundu madogo, ndo shawa, na katikati kuna skrubu. Mashine ikiwa imezimwa, imechomolewa na IMEPOA, fungua hiyo skrubu kwa bisibisi, nyingine zinataka spana ya L. Weka kitambaa kwenye trei kwanza, skrubu ikidondokea humo utaitafuta na tochi. Toa bati, loweka pamoja na chujio, sugua kwa mswaki pale juu lilipokuwa limekaa. Mara ya kwanza nilipofungua yangu, bati halikushuka lenyewe, lilikuwa limegandishwa na kahawa ya zamani, nikalibandua kwa mpini wa kijiko, likaachia na kipande kizima cha kitu cheusi, kigumu, kama ukoko wa ugali ulioungua, kina alama za matundu. Nilikihifadhi nikamtumia mjomba picha. Alijibu neno moja: "Mwe!"

Hili la shawa mi nafanya mara moja kwa mwezi, kila wiki ni kujitesa. Ukirudisha skrubu usikaze kwa hasira.

Kusukuma kinyume (wenye valvu tu)

Hapa ndo mafuta ya ndani kabisa yanatoka. Unahitaji chujio lisilo na matundu, au kile kizibo cha mpira kinachokaa ndani ya chujio la kawaida, mashine nyingine zinakuja nacho kwenye boksi na watu wanakitupa hawajui kazi yake. Wazo lake ni hili: maji yanakosa pa kutokea, presha inajaa, ukizima valvu inafunguka na yale maji yanarudi nyuma kwa nguvu yakiwa na dawa, yanapita njia ileile ambayo uchafu unapita kila siku kwenda kwenye trei.

Weka ile dawa ya unga ya mafuta kwenye hilo chujio, nusu kijiko cha chai, kama gramu 3, usizidishe ukidhani ndo usafi. Funga mkono vizuri. Washa pampu sekunde kumi, zima, sikiliza ile pshhh, subiri sekunde kumi. Rudia mara tano. Trei itapata povu la kahawia, hilo ndo tunalolitafuta. Fungua mkono, suuza, sugua juu kwa mswaki, rudisha mkono bila dawa na ufanye vilevile washa zima mara nane mpaka kumi. Maji ya mwisho yachukue kwenye kikombe cheupe uangalie: yawe meupe, yasiteleze kidoleni. Baada ya hapo kahawa moja ya kwanza mwaga. Usiinywe kwa ubahili.

Mimi na kahawa zangu mbili tatu kwa siku nafanya hii na dawa mara moja kwa mwezi, na maji matupu kila wiki. Ukiwa unapenda kahawa iliyokaangwa nyeusi sana, ile inayotoa mafuta juu mpaka inang'aa, fanya mapema zaidi.

Kama huna valvu, narudia, usifanye. Presha haina pa kwenda. Wewe tegemea kufungua shawa na kusugua, inatosha.

Chokaa sasa

Swali la kwanza sio "nitumie dawa gani", swali ni "maji yangu yakoje". Na jibu unalo jikoni. Angalia birika lako la umeme. Kwangu hapa maji ya bomba birika lina mwaka na zaidi na chini kuna kautando tu. Shemeji yangu yuko Iringa anatumia kisima cha kuchimba, birika lake miezi miwili lina magamba meupe yanaelea kwenye chai. Hatuwezi kuwa na ratiba moja mimi na yeye. Maji yanategemea mwamba yaliyopita: yakipita kwenye mawe ya chokaa yanaibeba, na hapo bonde la Songwe mawe hayo yapo mpaka yanachimbwa ya kutengenezea saruji. Njia nyingine ya kupima ni sabuni ya kipande, ile ya mche: ikitoa povu haraka maji ni laini, ikigoma ikaacha utando wa kijivu kwenye beseni, chokaa ipo.

Maji yako yakiwa magumu, dawa rahisi kuliko zote ni kuyachemsha, uache yapoe na yatulie usiku kucha, ujaze tangi kwa yale ya juu na chini usiguse. Sehemu kubwa ya chokaa inabaki kwenye sufuria. Hata hivyo unachemsha ya kunywa, chemsha na ya mashine. Ila usije ukaweka maji ya betri. Najua unafikiria ni safi kabisa hayana kitu, na ndo tatizo, mashine nyingi zinajua kuna maji kwa kupitisha kaumeme kwenye maji yenyewe, maji yasiyo na chumvi yoyote hayapitishi, mashine inadhani ni tupu, na yanakula chuma pia.

Mimi maji yangu laini, natoa chokaa mara mbili kwa mwaka. Shemeji kila baada ya wiki sita hivi. Dalili za kuchelewa: maji yanatoka kidogo kidogo, pampu inapiga kelele kuliko kawaida, stimu haina nguvu, kahawa haipati moto.

Dawa: asidi ya sitriki, ya unga, kama chumvi nyeupe. Inauzwa kwa wanaouza vitu vya kutengenezea keki na juisi, na kwenye baadhi ya maduka ya malighafi za sabuni. Ukienda haya ya sabuni sema jina lote vizuri na usome kibandiko, pale pale wanauza salfoniki ya kutengenezea sabuni ya maji, usije ukabeba hiyo. Limao usitumie, lina sukari na nyama nyama zinaziba. Siki inafanya kazi kidogo lakini harufu utaiishi nayo.

Gramu 20 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Koroga mpaka iyeyuke yote, chembe isibaki. Sasa:

Toa chujio la maji kama liko ndani ya tangi. Jaza mchanganyiko. Washa, acha ipate moto kidogo, toa kikombe kimoja kupitia kichwani na kingine kupitia bomba la stimu au la maji ya moto, halafu zima. Kaa dakika kumi na tano. Washa, toa vikombe viwili tena, zima, kaa tena. Endelea hivyo mpaka tangi liishe. Kwa boila ya aluminiamu punguza kukaa iwe dakika tano tano na usirudie zamu ya pili siku hiyohiyo. Ukiona maji yanatoka na rangi ya bluu au kijani hiyo ni shaba inaliwa, acha palepale uende kwenye kusuuza.

Kusuuza ni tangi mbili mpaka tatu za maji safi, zote zipite pande zote mbili, kichwani na kwenye stimu. Onja ya mwisho kwa ncha ya ulimi, ukisikia uchachu ongeza tangi.

Na jambo ambalo vijitabu vya Ulaya havisemi: usianze hii kazi siku umeme unachezacheza. Mimi nilianza jioni, katikati ya ile dakika kumi na tano giza likaingia mtaa mzima, pampu haifanyi kazi bila umeme, asidi imo kwenye boila yangu ya aluminiamu na sina namna ya kuitoa. Ulirudi saa nne usiku. Nilipowasha yakatoka maji ya kijivu kama ya kuoshea sufuria nyeusi, nikasuuza tangi tano mpaka yakawa meupe. Mashine ilipona ila sijui nilimpunguzia miaka mingapi. Toka hapo nafanya asubuhi ya wikiendi, na kama wiki hiyo umeme umekuwa na mambo yake naahirisha.

Kama mashine yako ni ile kubwa ya boila mbili, au ile ambayo boila ya stimu ndo inapasha na maji ya kahawa, soma kijitabu kwanza. Baadhi watengenezaji wanakataza usitoe chokaa mwenyewe, magamba yakiachia kwa wingi yanaenda kuziba vibomba vyembamba na hapo ni fundi na pesa.

Vidude vidogo

Gasketi, ule mpira wa duara kichwani. Ukiona kahawa inavuja pembeni ya mkono, au mkono zamani ulikuwa unakaza ukitazama mbele na siku hizi unazunguka mpaka kulia kabisa, mpira umekauka. Mwaka mmoja hadi miwili ni kawaida. Unatolewa kwa bisibisi nyembamba au msumari wa kuuchoma na kuuvuta, ukiwa umekauka sana unatoka vipande vipande, vumilia. Kabla ya kuagiza mpya pima unene kwa rula, kuna wa milimita 8 na wa 8.5 na kwa macho huwezi kutofautisha. Mimi niliagiza kwa macho.

Mashine ya kusagia nayo ina mafuta. Kila wiki mbili fungua juu, toa meno, piga brashi kavu, rudisha. MAJI HAPANA, meno yanapata kutu. Na ile ya kusaga mchele mkavu kusafishia achana nayo, mchele ni mgumu kuliko kahawa, mota ndogo zinaumia na unga wake unabaki kwenye pembe.

Ukisafiri zaidi ya wiki, tuseme unaenda kula Krismasi kwa wazee Tukuyu, mwaga tangi, litoe, liache wazi likauke. Kausha trei. Mkono usiuache umefungwa, gasketi inabonyea. Chomoa plagi. Ukirudi jaza maji mapya, pitisha tangi nusu kichwani na kwenye stimu kabla ya kahawa ya kwanza, yale maji mi namwagia migomba.